Barua ya wazi kwa Gavana na wakuu wa mabenki: kadi ikikataliwa, tuambieni sababu

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, kwa wakurugenzi watendaji wa benki zote zinazotoa kadi na kusambaza mashine za malipo, na kwa Umoja wa Mabenki Tanzania.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Arusha. Nawaandikia kuomba jambo moja. Kadi ya mteja inapokataliwa, mwenye kadi aambiwe papo hapo kwenye simu yake, kwa Kiswahili, imekataliwa kwa nini na afanye nini. Na pale ambapo fedha zimekatwa kwenye akaunti huku mashine ikisema muamala umeshindikana, ziwe na siku ya kurudi inayojulikana, mteja asilazimike kuzifuata kwa miguu. Mengine yote nitakayoyasema humu ni maelezo ya ombi hilo.

Kazi yangu ni kusimamia makeshia katika duka kubwa la vyakula na vifaa vya nyumbani. Tunahudumia walimu, waongoza watalii, madereva, wauguzi, wakulima waliotoka kuuza mazao, na wageni walio njiani kwenda Serengeti au Kilimanjaro. Kadi ikigoma, keshia ananiita. Nikifika nakuta foleni imesimama, mteja bado ameshika pochi, na kikaratasi cha mashine kinasema tu kwamba muamala umekataliwa. Mteja ananitazama akitegemea nimweleze. Ninachoweza kumwambia ni awasiliane na benki yake. Jibu hilo nimelitoa kwa watu wengi mno na halijawahi kuniridhisha, kwa kuwa najua sababu ipo, na inafahamika kwenye mitambo yenu kabla hata kile kikaratasi hakijamaliza kutoka.

Niruhusuni nieleze, kwa faida ya wasomaji wengine, mambo ambayo nyinyi mnayajua kuliko mimi. Mteja akichomeka kadi na kubonyeza namba ya siri, mashine yetu hutuma ombi kwa benki iliyotupatia mashine. Benki hiyo hulipeleka kwenye mtandao wa kadi husika, iwe Visa, Mastercard au UnionPay. Mtandao husoma tarakimu za mwanzo za kadi, ukajua ni ya benki gani, ukaifikishia benki hiyo ombi. Hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Sisi dukani hatuamui, benki yenye mashine haiamui, na hata mtandao wa kadi kwa kawaida hauamui. Anayeamua ni benki iliyotoa kadi: inaangalia kama kadi ni hai, kama namba ya siri ni sahihi, kama salio linatosha, kama ukomo wa siku haujapitwa, kama muamala wenyewe hautii shaka. Jibu linarudi kwa njia ileile, na safari yote ni ya sekunde chache.

Jibu hilo linabeba sababu. Mashine za kadi karibu dunia nzima huzungumza kwa kufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 8583, na katika kiwango hicho kila jibu huja na msimbo wa herufi au tarakimu mbili. 00 ni kukubaliwa. 51 ni salio halitoshi. 54 ni kadi iliyokwisha muda. 55 ni namba ya siri iliyokosewa, na 75 ni namba ya siri iliyokosewa mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa. 61 ni kiasi kilichozidi ukomo, 65 ni idadi ya miamala iliyozidi ukomo. 57 ni kadi isiyoruhusiwa kufanya muamala wa aina hiyo, 62 ni kadi iliyowekewa kizuizi. 91 ni benki iliyotoa kadi, au swichi iliyo katikati (mtambo unaounganisha benki), kutopatikana kabisa.

Kila mmoja wa hawa anahitaji msaada wa namna yake. Mwenye 51 akijua ni salio, anahamisha fedha kutoka kwenye simu kwenda benki na ndani ya dakika chache amelipa. Mwenye 61 ana fedha zake zote, hana tatizo lolote. Anachohitaji ni kupandisha ukomo kwenye programu ya benki, au kulipa sehemu kwa kadi na sehemu kwa lipa namba. Mwenye 55 atulie akumbuke namba yake, asibahatishe kwa mara ya tatu na kujifungia kadi. Mwenye 62 huenda akaunti yake imezuiwa kwa sababu taarifa zake hazijahuishwa, benki inasubiri namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na yeye hana habari. Naye mwenye 91 hana kosa lolote na hana la kufanya. Benki yake ndiyo iliyopotea hewani. Akirudia mara sita anajichosha bure, na kama benki ikirudi katikati ya majaribio hayo, anaweza kukatwa zaidi ya mara moja.

Wote hawa, mbele ya kaunta yetu, wanapata kikaratasi kilekile.

Kuna msimbo mmoja ambao naomba niutaje peke yake, nao ni 05. Huu ni kukataa bila kueleza: benki iliyotoa kadi inaagiza muamala usikubaliwe, basi. Una matumizi yake halali, hasa pale benki inaposhuku wizi na haitaki kumwambia aliyeshika kadi kinachoendelea. Lakini umegeuka kuwa kapu la kutupia kila kitu. Kadi mpya ambayo haijawahi kutumiwa kwa namba ya siri, taarifa za mteja zilizopitwa na wakati, mpangilio wa mfumo uliokosewa wakati wa maboresho ya usiku, vyote vinaweza kutokea upande wa pili vikiwa 05. Visa yenyewe imeweka masharti ya kuzitaka benki zipunguze kutumia jibu hili la jumla na zitaje sababu halisi, kwa maana mfanyabiashara asiyejua sababu hurudia muamala usio na matumaini, na mitandao inajaa maombi ya bure. Kama mtandao wa kadi umeona umuhimu wa kumweleza mfanyabiashara, mwenye fedha anastahili zaidi.

Nitasema kitu kuhusu aibu, maana vikao vya mifumo ya malipo havina mahali pa kuijadili. Kwetu, kadi ikigoma mbele za watu, walio nyuma kwenye foleni wanaelewa jambo moja tu: huyu hana hela. Nimewaona wanaume watu wazima wakiacha toroli limejaa na kutoka bila kuaga. Nimemwona mama akianza kurudisha vitu rafuni kimoja kimoja, akikokotoa kichwani aache nini, wakati jioni ile kadi za benki yake zilikuwa zinagoma kwa kila mtu aliyekuja nazo. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuhisi hivyo kwa kuona kadi za rangi moja zikikataliwa mfululizo. Yeye hakuwa na namna ya kujua. Aliondoka akiamini mshahara haujaingia. Ujumbe mfupi wa kumwambia kwamba mfumo wa benki una hitilafu na fedha zake ziko salama ungemtua mzigo ule, na benki ingekuwa imesema ukweli kuhusu nafsi yake.

Sasa nije kwenye lile linaloumiza kuliko yote, yaani fedha kukatwa na muamala kushindikana.

Hutokea hivi. Benki ya mteja imekubali, imetoa fedha kwenye salio, na ujumbe umeshaingia kwenye simu ya mteja ukimwambia ametumia kiasi fulani. Wakati huohuo jibu la kukubali linapotea njiani, kwa sababu mashine nyingi za madukani hutumia laini za simu, na mtandao ukiyumba sekunde tano tu inatosha. Mashine inasubiri, inachoka, inatoa karatasi kwamba imeshindikana. Mteja ananyanyua simu kuonyesha ujumbe, keshia ananyanyua karatasi, na wote wawili wanasema kweli. Kinachotakiwa ni mashine au benki yake itume agizo la kufuta ule muamala ili fedha zirejee. Agizo hilo lipo ndani ya kiwango kilekile cha ISO 8583, wala halihitaji uvumbuzi. Ila kama mtandao bado haujarudi, linahifadhiwa litumwe baadaye. Na kama mashine imezimwa, betri imekwisha au swichi ya katikati ina msongamano, huenda lisifike siku hiyo. Baada ya hapo fedha za mteja zinangoja benki mbili zilinganishe vitabu vyao.

Dukani, maisha hayangoji. Mteja analipa tena kwa taslimu au kwa simu, kama anazo. Kama hana, anaacha vitu na fedha zake zimeshazuiwa. Wazazi wanaonielewa zaidi hapa ni wale wa mwezi Januari, wakati sare, madaftari na ada vimegongana, na laki moja iliyokwama benki ni laki moja ambayo mtoto anaihitaji Jumatatu.

Kisha anaanza kuzungushwa. Benki yake inamwambia fedha zimeshaenda kwa mfanyabiashara, arudi dukani. Anarudi kwetu, wakati mwingine kwa hasira, akidhani tumemla. Mimi namfungulia ripoti ya mashine ya siku ile na kumwonyesha kwamba muamala wake haumo, hatukulipwa hata senti. Namtolea nakala ya kile kikaratasi kilichoshindikana, kwa sababu kina vitu ambavyo benki itavihitaji: namba ya mashine, tarehe na saa, tarakimu nne za mwisho za kadi na namba ya kumbukumbu ya muamala. (Ndugu msomaji, kikaratasi cha muamala ulioshindikana usikitupe kamwe, kitunze kuliko hata kile cha uliofanikiwa, na kipige picha kwani wino wake hufifia.) Anakipeleka benki, anajaza fomu, anaambiwa asubiri. Asubiri mpaka lini? Karani wa kaunta hana tarehe ya kumpa, na simlaumu karani. Tarehe hiyo haijawekwa na wakubwa wake.

Kwingine imewekwa. Benki Kuu ya India ilitoa waraka Septemba 20, 2019 ukipanga muda wa kurejesha fedha kwa kila aina ya muamala ulioshindikana. Kwa kadi iliyokatwa fedha kwenye mashine ya dukani bila duka kupata uthibitisho, fedha zirudi zenyewe ndani ya siku 5 baada ya siku ya muamala, na ikipita hapo benki imlipe mteja rupia 100 kwa kila siku ya kuchelewa, bila yeye kulalamika. ATM iliyokata bila kutoa noti, vivyo hivyo. Nigeria nayo, mwezi Juni 2020, iliziagiza benki zake zirudishe fedha papo hapo pale ATM inapokuwa ya benki ileile ya mteja, na ikishindikana kimitambo zisizidi saa 24. ATM ikiwa ya benki nyingine, saa 48. Malalamiko ya mashine za madukani, saa 72. Hizo ni nchi zenye watu wengi kuliko sisi mara nyingi, zenye mtandao unaoyumba kama wetu na umeme unaokatika kama wetu. Sioni sababu ya Tanzania kushindwa.

Mheshimiwa Gavana, ofisi yako inayo nyenzo tayari. Ipo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Zipo kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Lipo dawati linalopokea malalamiko ya wateja wa benki. Na TIPS, mfumo wa taifa wa malipo ya papo hapo, umeonyesha kwamba Benki Kuu ikiamua, benki na kampuni za simu zinaketi meza moja na fedha zinahama kutoka kokote kwenda kokote. Lakini dawati la malalamiko ni la mtu aliyekwishaumia, mwenye muda, mwenye nyaraka na anayejua kuandika barua. Wengi wanaokatwa elfu ishirini huzisamehe. Ninaowaombea ni hao.

Upande wa malipo ya mtandaoni nao una machungu yake, na hapo mteja hana hata keshia wa kumuuliza. Mpwa wangu alipata nafasi ya kusoma Uingereza. Mwombaji wa viza ya masomo kule hulipa ada ya huduma ya afya papo hapo anapoomba, na tangu Februari 2024 ada hiyo kwa wanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa kwa mkupuo kwa miaka yote. Kwa shahada ya miaka mitatu unavuka pauni 2,300 kabla hujagusa ada ya viza yenyewe. Fedha familia ilishazichanga na zilikuwa kwenye akaunti. Kadi ikakataliwa. Huduma kwa wateja wakasema upande wao hawaoni tatizo. Kumbe kadi ilikuwa haijafunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, jambo ambalo benki nyingi hulifunga kwa kawaida kwa ajili ya usalama, na ni sawa kulifunga, ila mteja ajue. Ikafunguliwa, ikakataliwa tena: ukomo wa siku ulikuwa mdogo kuliko kiasi cha malipo. Ukomo ukapandishwa, ikakwama hatua ya kuthibitisha, kwa kuwa namba ya uthibitisho ilikuwa inatumwa kwenye laini ya zamani ambayo haikusajiliwa kwa alama za vidole na ilifungwa tangu mwaka 2020. Vikwazo vitatu, na kila kimoja kilikuwa na msimbo wake kwenye mfumo wa benki tangu dakika ya kwanza. Familia iliviondoa kwa kubahatisha, huku maombi ya viza yakiwa wazi kwenye kompyuta na siku ya kuripoti chuo ikisogea.

Mpwa wangu alifika chuoni. Nina hakika wapo ambao hawakufika. Anayelipa ada ya dola 350 ya mfumo wa wanafunzi wa kigeni kule Marekani, anayelipia mtihani wa Kiingereza, anayelipia maombi ya chuo yanayofungwa saa sita usiku wa saa za nchi nyingine, hawa hawana muda wa kwenda tawini kesho.

Kuna pia kukataliwa ambako chanzo chake hakiko kwenye benki zetu hata kidogo. Baadhi ya tovuti za Marekani, Kanada na Uingereza hulinganisha anwani na postikodi aliyoandika mnunuzi na ile iliyoko benki yake. Sisi tunazo postikodi za tarakimu tano, lakini fomu za benki nilizojaza mimi zimeniuliza sanduku la posta. Benki inaweza kuwa imekubali, tovuti ikakataa, na fedha zikabaki zimezuiwa hadi zuio liishe. Hapo benki ikimwandikia mteja kwamba sisi tulikubali, aliyekataa ni muuzaji, itakuwa imempunguzia simu nyingi za bure na kujipunguzia yenyewe.

Jambo hili lina uzito mpya kwa mji kama wetu. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimezuia bidhaa na huduma ndani ya nchi kulipwa kwa fedha za kigeni. Naziunga mkono, shilingi ndiyo fedha yetu. Lakini mgeni aliyekuwa akitoa dola mfukoni sasa anatoa kadi, na benki yake kule kwao ikiona ghafla malipo kutoka Arusha inaweza kuyazuia kwa kushuku wizi. Tofauti ninayoiona kila wiki kwenye kaunta ni kwamba wageni wengi, kabla sijamaliza kuwaeleza, simu zao zimeshalia: benki inawauliza kama ni wao, wanathibitisha, tunarudia, inapita. Mwalimu wa Ngarenaro aliyesimama nyuma ya mgeni huyo, kadi yake ikikataliwa, simu yake iko kimya.

Najua hoja itakayoletwa, maana nimeisikia: tukieleza sababu tutawafundisha wezi. Naichukulia kwa uzito, kwa sababu wizi wa kadi upo na unaumiza. Ndiyo maana siombi sababu ichapishwe kwenye kikaratasi cha dukani au isomwe kwa sauti na keshia. Salio la mtu ni siri yake. Mashine ibaki na maneno yake machache. Sababu iende kwenye namba ya simu iliyosajiliwa na mwenye akaunti. Mwizi aliyeokota kadi hana simu hiyo. Kinyume chake, mwenye kadi aliyeko nyumbani Moshi akipokea ujumbe kwamba kadi yake imekataliwa sasa hivi kwenye duka la Mwanza, atajua ameibiwa wakati fedha bado zipo. Leo, kwa benki nyingi, anaarifiwa pale tu mwizi anapofanikiwa.

Na kwa kuwa matapeli wa kutuma ujumbe wa simu wanaishi nasi, ujumbe huu uwe na adabu yake: usiwe na kiungo cha kubonyeza, usimtake mtu namba ya siri, usimpe namba ya kupiga isipokuwa kumwambia apige ile iliyochapishwa nyuma ya kadi yake. Mteja akishazoea sura ya ujumbe halali, wa bandia atautambua kwa urahisi zaidi.

Sijaomba kitu ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye sheria popote. Nchi za Umoja wa Ulaya zina agizo la huduma za malipo la mwaka 2015, ambalo kifungu chake cha 79 kinamtaka mtoa huduma anayekataa malipo amjulishe mteja kukataa huko na, inapowezekana, sababu zake, pamoja na utaratibu wa kurekebisha makosa yaliyosababisha. Pale ambapo sheria nyingine inakataza kueleza, kwa mfano uchunguzi wa uhalifu, hawalazimishwi. Kifungu hicho ni kifupi. Kingeweza kuingizwa kwenye kanuni zetu kwa aya moja.

Kwa hiyo, wakurugenzi watendaji, wala msianze na misimbo yote. Anzeni na ile inayowagusa watu wengi na isiyo na hatari ya usalama: salio, namba ya siri, kadi iliyokwisha muda, ukomo wa siku, huduma isiyofunguliwa, na benki kutopatikana. Ujumbe sita tu. Mwenye ukomo aambiwe ukomo wake ni shilingi ngapi na unapandishwa wapi. Mwenye huduma isiyofunguliwa aelekezwe kuifungua kwenye simu bila kupanga foleni tawini, kwa uthibitisho wa kutosha. Mwenye kizuizi cha NIDA aambiwe kabla kadi haijafungwa, akiwa bado na muda. Ujumbe huu usitozwe. Mnatutumia ujumbe kila fedha inapotoka. Kazi ya kutuma ipo tayari, ni suala la kuongeza aina ya taarifa. Na pale mfumo wenu unapoanguka, tujulisheni na sisi wafanyabiashara kupitia benki zilizotupa mashine, tubandike tangazo mlangoni mteja ajue kabla hajajaza toroli.

Kwa Benki Kuu, pamoja na muda wa kurejesha fedha na fidia kwa benki inayochelewa, naomba ripoti. Kila robo mwaka, kila benki itaje hadharani ni miamala mingapi ya kadi ilikataliwa na kwa sababu zipi, na hasa mingapi ilikataliwa kwa kuwa mfumo wa benki yenyewe haukupatikana. Tunaofanya kazi kwenye kaunta tunazijua benki ambazo kadi zake hulegea tarehe za mishahara. Mteja anayechagua pa kuweka akiba yake ana haki ya kulijua hilo kabla ya kufungua akaunti, tena kwa takwimu za msimamizi wa sekta, siyo kwa fununu za makeshia.

Upande wetu tunafanya tunaloweza. Makeshia ninaowasimamia wana maelekezo ya kutorudia kadi zaidi ya mara moja bila mteja kuangalia simu yake kwanza, kutotamka neno salio mbele ya foleni, kutoa nakala ya kikaratasi kila muamala unaposhindikana, na kutozima mashine iliyopoteza mtandao katikati ya muamala hadi iwe imerudi na kutuma yaliyobaki. Maduka mengine yanaweza kufanya hivyo kuanzia kesho. Lakini hatuwezi kusema sababu ambayo hatupewi, wala kurudisha fedha ambazo hatukuzipokea.

Naomba majibu ya barua hii yatolewe hadharani, kila benki kwa jina lake, yakitaja tarehe ambayo ujumbe wa kwanza wa aina hii utaanza kutumwa kwa wateja, na kwa upande wa Benki Kuu, tarehe ambayo rasimu ya kanuni ya muda wa kurejesha fedha itatolewa kwa wadau waitolee maoni. Rasimu hiyo nitaileta mezani kwa makeshia wenzangu tuisome wote na tuwaandikie tunayoyaona kutoka kaunta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa makeshia,
Arusha